Jina Halifutwi Kimyakimya: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mtunza Maktaba ya Hesabu na Anayeitumia

Ukiitafuta Giteranyi leo katika orodha ya komini za Burundi, huioni. Ilikuwa komini ya mkoa wa Muyinga, kaskazini mashariki mwa nchi, jirani na Tanzania. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42, na mgawanyo huo ulianza kazi na uchaguzi wa mwaka 2025. Muyinga si mkoa tena. Imeingia mkoa wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, na jina lake limebakia kwa komini tu. Gitega ingali mkoa, lakini si ule tuliouzoea, maana sasa Karusi, Muramvya na Mwaro zimo ndani yake. Watu wako palepale na mikahawa iko palepale. Kilichobadilika ni majina, na yale yaliyobaki yamebeba maana nyingine.

Mimi huandika programu ndogo za hesabu za mvua na mavuno, na katika jedwali langu kuna safuwima ya mikoa. Namba ya mwaka 2020 iliyo mbele ya neno "Muyinga" ni ya mkoa mzima. Namba ya mwaka 2026 mbele ya neno hilohilo ni ya komini moja. Kompyuta haitanishika mkono kunionya. Itajumlisha.

Ndivyo ilivyo pia ndani ya NumPy, maktaba ya hesabu ambayo karibu kila anayefanya hesabu kubwa kwa Python anaitumia, ajue asijue. Travis Oliphant aliitoa mwaka 2006 kwa kuunganisha maktaba mbili zilizotangulia: Numeric, aliyoianzisha Jim Hugunin mwaka 1995, na Numarray. Matoleo yaliyoanza na namba 1 yalidumu karibu miaka 18, mpaka toleo la 2.0 lilipotoka tarehe 16 Juni 2024. Katika muda huo mambo mengi yalitangazwa kuachwa, yakakaa na onyo, kisha yakafutwa. Kufuta si dhambi. Namna ya kufuta ndiyo inayomtenganisha mtunza maktaba anayejali na asiyejali. Yafuatayo ni kwa mtunza na kwa mtumiaji, na simbembelezi yeyote.

Toa muda, na uupime kwa mtu wa mwisho kwenye foleni.

Tarehe 7 Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kuziondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, na ikatoa siku 10. Kenya ilipoiondoa noti yake ya zamani ya shilingi 1,000 mwaka 2019, ilitoa miezi minne, kuanzia 1 Juni hadi 30 Septemba. Tanzania mwaka 2025 ilitoa siku 90, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili, kwa noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003. Mwenye akaunti mjini, siku 10 zinamtosha. Mkulima aliyefungia akiba yake kwenye kitambaa juu ya kilima zinampita akiwa bado anasikia uvumi.

Watunzaji wa NumPy wamejiandikia kanuni: kitu kilichotangazwa kuachwa kinakaa na onyo lake kwa matoleo mawili angalau, yaani takriban mwaka mzima, kwa kuwa toleo hutoka kila miezi sita hivi. Mara nyingine husubiri zaidi. Jina `np.float` lilitangazwa kuachwa katika toleo la 1.20, Januari 2021, na likafutwa katika toleo la 1.24, Desemba 2022. Karibu miaka miwili. Nami nasema muda huo ni wa haki, wala usiombwe kufupishwa na mtu mwenye intaneti ya waya ofisini. Kwetu maktaba huingia kwenye laptopu mara moja, kwa flashi ya rafiki aliyetoka Bujumbura au kwa bando lililobaki mwisho wa mwezi, na hukaa humo misimu kadhaa ya kilimo bila kuguswa.

Usitangaze kuacha kitu bila kutaja kinachochukua nafasi yake.

Onyo linalosema tu "hiki kinaachwa" ni kama askari wa barabarani anayefunga njia asionyeshe ya kuzungukia. Onyo kamili lina mambo matatu: jina linaloachwa, toleo ambalo lilianza kuachwa, na jina la kutumia sasa. Kama hakuna mbadala, andika sababu. Katika NumPy 2.0, `np.trapz`, fanksheni ya kukadiria eneo chini ya mstari wa grafu, ilitangazwa kuachwa na mbadala wake ukatajwa: `np.trapezoid`. Mtu anabadilisha neno moja, anaendelea na kazi.

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Programu niliyoiandika zamani kwa ajili ya kituo cha kusafishia kahawa, ya kujumlisha kilo za kahawa mbivu za kila mkulima, ilikuwa na `np.float` sehemu nne. Kijana anayeitumia alipata laptopu mpya katikati ya mavuno, akaweka NumPy mpya, na programu ikagoma asubuhi wakulima wakiwa wamejipanga na magunia. Alinipigia simu. Nilimwambia anisomee herufi kwa herufi kile kilichoandikwa kwenye skrini, na jibu lilikuwa mlemle: jina hili lilikuwa lakabu ya `float` ya Python yenyewe, tumia `float` peke yake. Tulimaliza kwa dakika tano. Makosa yalikuwa yangu, kwa sababu onyo lilikuwepo tangu 2021 na mimi sikulitazama. Ila ujumbe ule ungekuwa mfupi kidogo tu, wakulima wangelala pale.

Usilirudishe jina la zamani likiwa na maana mpya bila kupiga mbiu.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali zaidi, na Muyinga ndiyo shahidi wangu.

Jina lililofutwa likagoma ni salama. Mtumiaji anajua kuna kitu. Hatari iko kwenye jina linaloendelea kuitika huku ndani kumekaa mtu mwingine. Chukua `np.bool`. Zamani ilikuwa lakabu tu ya `bool` ya Python. Ikatangazwa kuachwa mwaka 2021, ikafutwa mwishoni mwa 2022. Kisha katika toleo la 2.0 jina likarudi, safari hii likimaanisha aina ya NumPy yenyewe, ile iliyokuwa ikiitwa `np.bool_`. Anayesoma msimbo wenye jina hilo leo hana budi kuuliza kwanza: uliandikwa kwa toleo gani? Walifanya vizuri kuacha pengo la mwaka mmoja na nusu ambamo jina halikufanya kazi kabisa. Pengo hilo ndilo lililowalazimisha watu kusafisha misimbo yao kabla jina halijapewa kazi nyingine.

Neno `copy=False` halikupata pengo. Ulipoandika `np.array(x, copy=False)` kabla ya 2.0, ulikuwa unasema: usinakili isipokuwa ikibidi. Kuanzia 2.0 unasema: usinakili kamwe, na ikibidi kunakili, goma. Maneno yaleyale, herufi zilezile, amri tofauti. Aliyetaka maana ya zamani anatakiwa kuandika `copy=None`, au atumie `np.asarray`. Ninakubali kwamba maana mpya ndiyo inayolingana na neno lenyewe, na inapokataa inakataa kwa sauti. Lakini mtunza maktaba akifanya hivi, aliweke jambo hilo juu kabisa katika taarifa ya toleo, kwa mfano wa kabla na wa baada, si katika mstari wa mia mbili chini ya shukrani za wachangiaji.

Usibadilishe jibu ukanyamaza.

Aina ya `uint8` hubeba namba nzima kutoka 0 hadi 255. Kabla ya NumPy 2.0, namba moja ya aina hiyo yenye thamani 100 ikijumlishwa na 200 ya kawaida ya Python ilitoa 300. Tangu 2.0 inatoa 44. Namba imefurika: 300 ukitoa 256 inabaki 44.

Msomaji atashtuka, na ana haki. Lakini asikie sababu. Sheria ya zamani ilikuwa inachungulia thamani ya namba ndipo ichague aina ya jibu, kwa hiyo mtu hakuweza kujua jibu litakuwa la aina gani bila kuijua namba yenyewe. Tena ilikuwa na nyuso mbili: hesabu hiyohiyo ikifanywa juu ya safu ya namba badala ya namba moja, jibu lilikuwa 44 hata zamani, na bila onyo. Sheria mpya hutazama aina peke yake, na jibu ni lilelile kwa namba moja na kwa safu. Ukijumlisha `uint8` na 300, namba isiyoweza kuingia humo kabisa, inagoma waziwazi. Mimi naiunga mkono sheria mpya. Anayepima mvua kwa vifaa vidogo vinavyohifadhi namba kwa `uint8` ili kuokoa nafasi, na aongeze upana wa aina mwenyewe kabla ya kujumlisha.

Wajibu wa mtunza hapa ni kuweka jedwali: mstari wa msimbo, jibu la zamani, jibu jipya. Pendekezo la mabadiliko hayo, linaloitwa NEP 50, lina jedwali la namna hiyo. Maneno "tumeboresha uchaguzi wa aina" hayamwambii kitu mtu ambaye hesabu yake ya jana ilikuwa 300.

Ukishatoa muda na kutaja mbadala, futa.

Kuna huruma isiyo na faida, ya kuacha kila kitu cha zamani kikining'inia kwa sababu huenda kuna mtu bado anakitumia. Lakabu ya `np.float` ilidanganya watu kwa miaka. Wengi waliisoma wakidhani wanaomba aina maalumu ya NumPy, kumbe wanapewa ile ya Python. Kuibakiza kungekuwa kuubakiza uongo huo.

Mfano mwingine unatugusa zaidi sisi wa Windows, na huku kwetu laptopu nyingi ni za Windows. Hadi kabla ya 2.0, namba nzima ya kawaida ya NumPy kwenye Windows ilikuwa ya biti 32, hata kompyuta ikiwa ya biti 64. Kikomo chake ni 2,147,483,647. Hesabu za faranga za Burundi hufika huko upesi: wakulima 2,200 wakilipwa faranga milioni moja kila mmoja, jumla ni bilioni 2.2, na tayari umevuka. Jumla inageuka hasi, na kwenye safu ya namba hakuna onyo. Toleo la 2.0 liliifuta tabia hiyo na kuweka biti 64. Aliyekuwa anaililia tabia ya zamani alikuwa analilia hesabu mbovu.

Usifute kitu katika toleo la kurekebisha hitilafu.

Mtu anayetoka 1.24.1 kwenda 1.24.2 anatafuta dawa ya kidonda kimoja. Usimkate mguu. Kanuni ya NumPy inasema hivyo pia, na haihitaji maelezo zaidi.

Andika maelezo yanayosomeka bila mtandao, kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya nne.

Kijana wangu wa kituo cha kahawa anazungumza Kirundi nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kifaransa alikisoma shuleni. Kiingereza kinakuja baada ya hizo zote. Akiandika `help(np.std)` akiwa hana bando, maelezo yaliyomo ndani ya fanksheni ndiyo mwalimu pekee aliyenaye usiku huo. Kwa hiyo andika sentensi fupi. Usitumie methali za Kiingereza wala utani wa ofisini kwenu. Usiandike "tazama tovuti" pale ambapo mistari mitatu ingetosha.

Na uyaseme yale ambayo mtu hawezi kuyakisia. `np.std` hugawanya kwa idadi yote ya namba, wakati Excel katika STDEV, na lugha ya R katika `sd`, hugawanya kwa idadi ukipunguza moja. Chukua mvua ya miezi mitatu: milimita 10, 20 na 30. NumPy itakuambia mtawanyiko ni 8.16, Excel itakuambia 10. Wote wako sahihi kwa maswali yao. Ukitaka jibu la Excel unaandika `ddof=1`. Afisa wa kilimo na mwanafunzi wanaweza kugombana nusu siku kwa sababu ya sentensi moja ambayo mmoja wao hakuisoma, au aliisoma asiielewe. Ufafanuzi wa namna hii haubadilishi hata herufi moja ya msimbo unaofanya kazi, na ndiyo maana hudharauliwa. Mimi nauweka sawa na kurekebisha hitilafu.

Kila mfano ulio ndani ya maelezo uendeshwe kabla ya kutoa toleo. Mfano unaotumia kitu kilichotangazwa kuachwa ni aibu, kwa sababu unawafundisha wageni kosa ambalo wenyeji wamekatazwa.

Usiandike "katika matoleo mapya". Jipya la lini? Andika namba ya toleo. Maelezo husomwa miaka kumi baadaye.

Sasa zamu ya mtumiaji, maana si haki kuwabebesha watunzaji mzigo wote.

Usizibe onyo. Mstari wa `warnings.filterwarnings("ignore")` umesambaa kwenye misimbo ya watu kama magugu, kila mmoja akiunakili kwa mwenzake ili skrini ionekane safi. Ufute leo. Onyo la kuachwa ni barua yenye tarehe. Ukiichoma bila kuisoma, tarehe haiahirishwi.

Jifunze kuliona onyo lililofichwa. Python kwa kawaida haionyeshi maonyo ya kuachwa yanayotokea ndani ya moduli nyingine. Huyaonyesha tu katika faili unaloliendesha moja kwa moja. Ukiwa umegawa programu yako katika mafaili kadhaa, unaweza kukaa miaka miwili usione kitu. Endesha hivi: `python -W default mvua.py`. Fanya hivyo kabla ya msimu kuanza, si siku ya kwanza ya mavuno.

Andika toleo unalolitegemea. Faili dogo lenye `numpy<2` linatosha kuizuia programu isiamke siku moja ndani ya maktaba ngeni. Ukipata mtandao mzuri mjini, tumia `pip download` kuhifadhi mafaili ya matoleo hayo kwenye flashi, ya mfumo uleule wa kompyuta itakayoyatumia, ili laptopu ikifa uweze kuirudisha kazi bila bando. Lakini usijifungie humo milele. Weka tarehe ya kuhama, na ukihama tumia chombo cha Ruff chenye kanuni ya NPY201, kinachotafuta majina yaliyofutwa katika 2.0 na kukuonyesha mbadala: `np.Inf`, `np.NaN`, `np.float_`, `np.product` na mengineyo.

Usifute majina ya zamani katika data yako. Hapa narudi nyumbani. Mgawanyo mpya wa mikoa ulipoanza, nimeona watu wakifungua majedwali yao na kubadilisha "Muyinga" kuwa "Buhumuza" kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wakidhani wanasasisha. Kumbe wanaharibu kumbukumbu. Kipimo cha mvua kilichoandikwa Giteranyi mwaka 2015 kiliandikwa katika komini ya Giteranyi, mkoa wa Muyinga, na kitabaki hivyo. Ongeza safuwima: jina la wakati ule, jina la sasa, na tarehe jina lilipobadilika. Mwenye kulinganisha miaka atatumia ya pili, mwenye kutafuta daftari la asili atatumia ya kwanza. Na pale jina limebaki lilelile, kama Gitega na Muyinga, tarehe ndiyo itakayomwambia ni ipi inayosemwa.

Ukiona sentensi ya maelezo iliyokupotosha, irekebishe. NumPy ni mali ya wazi, na maelezo yake yako palepale penye msimbo wake. Huhitaji kuwa mwanahisabati ili kupendekeza sentensi iliyo wazi zaidi. Unahitaji tu kuwa mtu aliyeisoma ile ya zamani kwa makini, akapotea, kisha akakumbuka mahali alipopotelea. Watu wa Bujumbura, Kigoma, Ngara, Goma na Mombasa mnaotumia maktaba hii kila siku, mmewahi kupotea. Andikeni mlipopotelea, mtaje namba ya toleo, mpeleke pendekezo.